Nilivyomtoa Valda Nikamweka Bi Mkokoteni

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya kazi yangu, ningechagua ile Jumanne ambayo Bwana Hemedi, mwenye studio, aliniambia nimtoe Valda kwenye katuni na mahali pake niweke mtu wa hapa hapa Tanga, nami nikasema sawa. Ningesema hapana. Sababu za kusema hapana nilizijua siku ile ile. Nilikubali kwa kuwa wazo lilinipendeza, na jina la kuweka lilinijia kabla Bwana Hemedi hajafunga mdomo.

Nitalieleza hilo mahali pake. Nyinyi vijana mnaoingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni na filamu za nje mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Vyeo sitavitaja, kwa sababu studio yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Bwana Hemedi, na sisi wengine.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yangu alikuja kutoka bara kukata mkonge, akazeekea hapo hapo. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya ukarani wa ghala kwa muda, kisha siku moja nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa fundi cherehani huko Ngamiani: anatakiwa mtu anayejua Kiingereza na asiyeona haya. Kiingereza nilikuwa nacho cha shule. Haya nilikuwa nazo tele, lakini hilo sikulisema.

Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la huyo fundi. Kutani tulikuwa tumepigilia magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isirudi. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kimevishwa soksi nyeusi ili pumzi za herufi p zisipasue masikio ya watu. Ilikuwa safi, msicheke. Fundi akikanyaga cherehani tulisubiri, na tukianza kurekodi tuligonga ukuta mara mbili naye akasubiri. Adhana ikitoka tulinyamaza wote. Mvua ikigonga bati, kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha, tukaagiza chai.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Riziki. Alikuwa mzaliwa wa Ngamiani, mwanamke mrefu, mpana wa mabega, aliyenizidi kama miaka minane. Kabla ya studio alikuwa sauti ya gari la matangazo: mikutano, maduka mapya, watoto waliopotea. Kuanzia Usagara hadi mwisho wa mji hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ile. Alinipa karatasi nisome sauti ya polisi kwenye filamu. Nilisoma. Akagonga kioo kilichotenganisha vyumba viwili.

"Wewe umetoka wapi?"

"Muheza, mama. Shambani."

"Ndiyo maana. Unasoma kama mnyapara anaita majina. Huyu polisi anambembeleza mtoto ateremke darini, na wewe unampangia zamu. Haya, tena."

Nikasoma tena. Akagonga kioo tena.

"Mtazame mdomo. Mdomo wake umefumba, wewe unasema 'haraka'. Ana maradhi gani huyu? Mdomo ukifumba, nipe m, nipe b, nipe p. Sema 'upesi mwanangu'. Umeona?"

Nikaona. Hicho ndicho chote nilichokuja kujua kuhusu kazi hii, mengine ni kukizoea. Maneno yetu huishia mdomo wazi, na watu wa nje sentensi zao huishia mdomo popote unapotaka kuishia. Kwa hiyo unahesabu midomo. Katika daftari langu nilichora kistari pale mdomo unapofumba na duara pale unapopanuka, kisha nikatafuta Kiswahili cha kukaa juu ya alama hizo. Maana inakuja ya pili. Najua walimu wenu wa sasa wanasema maana ni ya kwanza. Waacheni waseme, kisha wapeni kipande cha mtu anayegombana huku anatafuna.

Bi Riziki alinifundisha mengine pia. Usile karanga kabla ya kurekodi. Ukicheka kwenye kipaza sauti, cheka kwa tumbo, kicheko cha kooni kinasikika cha kununua. Ukitakiwa kulia, usilie, zuia kilio. Aliniita Dami, akilifupisha jina la Damiani, na hakuna mtu mwingine mjini aliyeniita hivyo. Kila nilichorekodi alikisikiliza hadi mwisho, na kama kilikuwa kibaya aliniambia ni kibaya. Wengine wote waliniambia kizuri, wakaenda kula.

Kazi yetu ngumu kuliko zote ilikuwa katuni ndefu ya vichekesho, mchezo wa familia moja ya huko nje, uliokuja sehemu baada ya sehemu bila mwisho. Sisi tuliuita Kwa Baba Tumbo. Mimi nilikuwa Baba Tumbo, Bi Riziki alikuwa mkewe, na watoto walikuwa ni yeye na mimi tukipokezana. Tuliingiza sauti, kituo kimoja cha kebo cha mjini kikaonyesha kila Alhamisi jioni, na vibanda vya video vikaonyesha wiki nzima.

Sasa, katika katuni ile walikuwa wanamtajataja mtu mmoja, Valda. Huyo alikuwa shujaa wa kike wa kitabu cha katuni. Huko mchezo ulikotoka kila mtu alikuwa amemsoma tangu utotoni, kwa hiyo waandishi hawakujisumbua kumweleza. Anavaa joho jekundu, anaruka, anainua mabasi kwa mkono mmoja, na akipiga chafya nguvu zote zinamtoka. Mama akibeba mtungi wa gesi, mtoto anasema, "Valda huyo!" Bibi akitaka kupiga chafya, nyumba nzima inaingia chini ya meza. Wenyewe walicheka. Kwenye vibanda vya Ngamiani, sehemu mbili za kwanza, ilipofika kwa Valda watu walikuwa wanatazamana.

Ndipo Bwana Hemedi akanijia ile Jumanne, kikombe mkononi.

"Damiani, huyu Valda ndiye nani?"

"Shujaa wa kitabu, bosi. Anainua mabasi."

"Ngamiani nani anamjua?"

"Hakuna."

"Basi watu wacheke nini? Mtoe. Weka mtu wanayemjua."

"Nimweke nani?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Miaka kadhaa nyuma, karibu na soko, mkokoteni uliojaa saruji ulirudi nyuma kwenye mteremko ukambana mchukuzi mguu. Wanaume walikuwa wanabishana washike wapi. Bi Riziki aliweka kikapu chake chini, akashika mpini, akainua peke yake mpaka yule mtu akavutwa. Kisha akaokota kikapu akaenda kununua dagaa. Tangu hapo watu walimwita Bi Mkokoteni, kwa heshima kabisa, na wageni wakija mtaani walionyeshwa nyumba yake.

Nikamtoa Valda, nikaweka Bi Mkokoteni. Nilijua mambo mawili. La kwanza, sikuwa nimemwomba ruhusa mwenye jina. La pili ni la ufundi, nalo ndilo nawataka mlishike: sehemu za mchezo zilitufikia nne au tano kwa mara moja. Ambazo hazijafika sikuzijua. Valda alikuwa mali ya waandishi wake, na chochote watakachomfanyia baadaye mimi nilikuwa nimeshaamua, bila kukiona, kwamba atafanyiwa Bi Riziki.

Alilikuta jina lake kwenye karatasi, amesimama mbele ya kipaza sauti. Akalisoma kimya, kisha akacheka mpaka fundi cherehani akagonga ukuta.

"Dami, fedhuli we! Unaniingiza kwenye katuni bila hata kuniambia nijipake poda?"

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Hebu washa mashine yako."

Kicheko kile nilikihesabu kuwa ruhusa. Alhamisi ile vibanda vilivuma. Mtoto wa Baba Tumbo aliposema, "Mama kainua jiko, Bi Mkokoteni kaingia mjini!" watu walisimama wakapiga makofi. Asubuhi wauza samaki walimwita shujaa wetu, akawapungia mkono kama kiongozi aliyeshinda uchaguzi. Wiki nne, tano, mambo yalikuwa mazuri kiasi hicho. Mimi nilitembea Ngamiani kifua mbele.

Kisha zikaja sehemu nyingine. Waandishi wa huko walikuwa wamemchoka Valda wao, wakaanza kumcheka. Valda kanenepa, kakwama dirishani. Valda joho limempasukia mbele ya rais. Valda kapiga chafya angani, kaanguka kwenye banda la nguruwe. Hilo la nguruwe nililigeuza likawa banda la kuku, nikajiona nimemlinda. Mengine niliyaacha, kwa sababu watu walikuwa wanacheka kuliko mwanzo. Na mtaani watoto walianza mchezo wao: Bi Riziki akipita wanapiga chafya za uongo, kisha wanakimbia.

"Dami," aliniambia siku moja tukingoja mvua ipite, "huyu mama wenu wa kitabu ana mikosi. Mbona kila wiki anaanguka?"

"Ndivyo walivyoandika, Bi Riziki."

"Walimwandikia yeye. Mimi hawanijui."

Nikasema nitaangalia. Sikuangalia kitu.

Wakati huo alikuwa na jambo lake. Aliolewa mara mbili ujanani na kuachika mara mbili; mtaa mzima ulilijua hilo, na mtaa mzima ulikuwa na adabu ya kutolitaja mbele yake. Sasa alikuwa amepatikana Mzee Athumani, Msambaa wa Amani, kule milimani, aliyefiwa na mkewe na kufanya kazi ya kuotesha miche. Alishuka Tanga kila mwisho wa mwezi na mfuko wa iliki. Mtu mpole, anayesikiliza mpaka umalize. Bi Riziki alianza kuja studio amepaka hina. Nilimtania, akanipiga na karatasi.

"Nyamaza we. Uzeeni nako kuna raha zake."

Wiki ambayo dada zake Athumani walitakiwa kushuka kuja kuzungumza na kaka zake Bi Riziki, tuliingiza sehemu ambayo jirani anamuuliza mke wa Baba Tumbo kwa nini Valda anaishi peke yake. Mke anajibu. Nilikuwa nimeitafsiri vizuri sana, kila m na kila p mahali pake: "Bi Mkokoteni aliinua treni kwa mkono mmoja, lakini mume wa pili akamponyoka kwenye mikono miwili." Na mke wa Baba Tumbo, kumbukeni, alikuwa sauti ya Bi Riziki.

Akaisoma kimya. Safari hii hakucheka. Akavua hedifoni.

"Dami, njoo nje."

Tukasimama barazani kwa fundi.

"Hiyo itoe."

"Bi Riziki, ndiyo kichekesho cha sehemu nzima."

"Ijumaa dada zake Athumani wako kwetu. Wanafikia kwa ndugu yao, Usagara, nyumba ina televisheni na watoto saba. Mrudishe Valda wenu."

"Nikimrudisha leo watu watauliza Bi Mkokoteni kaenda wapi."

"Waulize."

"Ni katuni tu, Bi Riziki. Nani atakaa asikilize neno moja?"

Akanitazama.

"Mimi nilikufundisha kwamba watu husikiliza neno moja moja. Umesahau lini?"

Nilikwenda kwa Bwana Hemedi. Naandika alichosema ili msije mkamlaumu yeye. Alisema, "Wewe ndiye unayeandika, amua mwenyewe. Mimi nataka kazi ifike kituoni kesho asubuhi." Kubadilisha kulihitaji mistari mitatu irekodiwe upya. Nusu saa. Nilikaa na daftari, nikaujaribu mstari na jina la Valda, na midomo haikukaa vizuri kama ilivyokaa na Bi Mkokoteni. Jina linaanza na b, na mdomo wa yule mke ulianza umefumba. Nikajiambia kazi nzuri haiharibiwi kwa hofu ya mtu mmoja. Nikarudi nikamwambia tunaendelea.

Alivaa hedifoni, nikagonga ukuta mara mbili, cherehani ikanyamaza, akausema ule mstari mara moja tu. Nimeusikiliza mara nyingi tangu siku hiyo. Hauna kosa. Midomo imekaa, pumzi imekaa, na kicheko kidogo alichokiweka mwisho kimetoka tumboni kama alivyonifundisha. Akavua hedifoni, akasema, "Umepata?" Nikasema nimepata. Akavaa viatu akaondoka, na sehemu za watoto zilizobaki nilizisema mimi.

Alhamisi ikaonyeshwa. Nyumba ile ya Usagara wote walikuwa mbele ya televisheni, pamoja na dada wawili wa Athumani. Watoto walipocheka, wageni wakauliza wanacheka nini, na mtoto mmoja akawaeleza kwa furaha: Bi Mkokoteni ndiye yule mama mnayekwenda kwake kesho.

Ijumaa walikwenda. Walipokelewa vizuri, wakala, wakasifu pilau, wakauliza habari za afya ya kila mtu, wakaaga. Jambo lililowaleta hawakuligusa. Huku kwetu hiyo ndiyo namna ya kukataa, na kaka zake Bi Riziki waliielewa kabla wageni hawajavaa viatu. Huko Amani, tulikuja kusikia, dada mkubwa alimwambia Athumani, "Hatukushuka mlima kukuletea mke wa kwenye katuni." Athumani, mtu mpole anayesikiliza mpaka umalize, alisikiliza mpaka wakamaliza.

Haya nilielezwa Jumatatu na Shabani, mdogo wake Bi Riziki, aliyekuja studio kabla ya saa mbili.

"Dada kasema umpe kikombe chake."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Anakuja saa ngapi?"

"Kaka Damiani, nimekuja kuchukua kikombe. Kama anakuja, ningekifuata kwa nini?"

Nikampa. Wiki ile nilimrudisha Valda. Midomo haikukaa vizuri pale mwanzo, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Watu wawili waliuliza Bi Mkokoteni kaenda wapi, nikawaambia kasafiri, wakaridhika. Sasa sikieni jambo hili kwa makini, maana ndilo linaloniuma kama fundi. Haukupita mwezi, wasichana wadogo wa Ngamiani walikuwa wamejifunga kanga nyekundu mabegani, wanagombana nani awe Valda leo. Walimjua. Walijua joho, walijua chafya, walijua mabasi. Hakuna aliyewapa kitabu. Walimjua kama walivyomjua Baba Tumbo mwenyewe, kwa kumtazama wiki baada ya wiki. Kile Bwana Hemedi alichotaka mimi nikitengeneze kilikuwa kinakuja chenyewe, kilihitaji kungojwa tu. Kwa hiyo mkikuta kwenye katuni jina ambalo watu wenu hawalijui, liacheni. Kama hamna budi kuweka la hapa, tungeni la mtu asiyekuwepo.

Nilikwenda kwa Bi Riziki kuomba radhi. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba. Karibu, Bwana Damiani."

Nikakaa. Nikamwambia niliombwa nitoe nikakataa, kwamba si Bwana Hemedi wala waandishi wa nje, ni mimi, na kwamba nilifanya vile kwa sababu ya mdomo mmoja uliokaa vizuri.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo. Nimeshakusamehe, kunywa chai."

"Rudi kazini basi."

"Nirudi kusema nini? Nikifungua mdomo pale, mji mzima unajua ni nani. Mama wa kwenye katuni akisema 'karibuni chakula', watu watapiga chafya." Akatikisa ungo. "Na usinitafutie gari la matangazo. Nimeshaulizwa, nimekataa."

Nilikunywa chai. Nilikwenda tena mara mbili, nikapewa chai mara zote mbili. Mwaka uliofuata alihamia Pangani kwa mpwa wake. Hakuolewa. Athumani alioa huko huko mlimani.

Mimi niliendelea mpaka nilipostaafu mwezi uliopita. Mmenisifu sana kwenye ile hafla, nami najua kazi yangu, sitajifanya siijui. Lakini sauti zangu zilikoma kukua siku ile Bi Riziki alipoondoka. Sikilizeni za kabla na za baada, mtaona. Baada yake kila mtu aliniambia kizuri. Yeye alipoteza mume na sauti aliyokuwa akiipatia riziki, na hayo ni yangu kuyabeba. Na mimi, kwa jina moja nililokataa kulitoa, nilimpoteza mwalimu wangu, na rafiki pekee niliyekuwa naye mjini Tanga.